Daftari Limekwama Ukurasa wa Tano: Kutafuta Chanzo na Kulifufua

Kabla ya kununua daftari jipya, chukua lile la zamani ulifungue kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Tazama tarehe, tazama mwandiko, soma mistari mitano ya mwisho. Jibu liko hapo. Daftari lililokwama ukurasa wa tano lina ugonjwa wake. Lililojaa hadi nyuma lakini mwenyewe hajawahi kulirudia lina ugonjwa mwingine, na lenye mapengo ya wiki mbilimbili lina wake pia. Wengi wakiona limekwama hujiita wavivu, Januari wananunua jingine kubwa zaidi, lenye jalada gumu, nalo linakwama palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika kumbukumbu za kazi: mkulima wa korosho Newala au Tandahimba, mwenye genge Mtwara mjini, katibu wa kikoba, mvuvi wa Msimbati. Mwanafunzi ana sehemu yake fupi kuelekea mwisho. Anza na dalili inayofanana na yako, hakuna haja ya kufuata mpangilio.

Dalili: limekwama kurasa za mwanzo

Hesabu visanduku vilivyobaki wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Kama ulichora safu saba au nane (tarehe, kazi, eneo, pembejeo, kiasi, gharama, mfanyakazi, maoni) na nusu yake hazikujazwa, umeshampata mchawi. Ukurasa unadai mengi kuliko unayoyajua jioni ile. Kila kisanduku kitupu kinakuonyesha kwamba hukumaliza kazi, na mtu hakimbilii mahali anapoonekana hajamaliza kazi.

Tupa safu zote. Andika mstari mmoja kwa jambo moja, wenye vitu vitatu: lini, nini, kiasi gani. Mahali au jina la mtu liongezwe pale tu linapohitajika. Mfano wa mkulima wa korosho anayepuliza salfa (dawa ya unga ya kuzuia ukungu) kwa mota, yaani mashine ya kupulizia:

12 Juni. Salfa, kipande cha kisimani, mfuko 1, miti 96. Mpulizo wa 1.
12 Juni. Kibarua wa mota siku 1, amelipwa nusu.
13 Juni. Hakuna kazi, msiba.

Mstari wa tatu una kazi yake. Siku isiyo na kazi ikiandikwa "hakuna", baada ya miezi mitatu utajua kwamba hapakuwa na kazi. Ukiiacha wazi, hutajua kama hapakuwa na kazi au ulisahau kuandika.

Chanzo cha pili ni uzuri wa daftari lenyewe. Daftari la bei, lenye karatasi nyeupe nzito, linamfanya mtu aandike kwa mwandiko wa barua ya posa. Jioni moja amechoka, mwandiko haupendezi, anaahirisha hadi kesho atakapokuwa na nguvu. Kesho kuna mambo mawili ya kuandika, keshokutwa manne. Kaunta buku jembamba la dukani linatosha, na ukurasa wa kwanza uuchafue makusudi: jaribu kalamu hapo, piga hesabu ya haraka, andika namba za simu. Baada ya hapo hakuna usafi wa kulinda.

Chanzo cha tatu ni wakati wa kuanza. Januari ni mwezi wa kalenda, haufuati kazi za watu wa kusini mwa Tanzania. Kwa mkulima wa korosho mwaka wa kazi unaanza mvua zikikatika, kwenye Mei, palizi na kupogolea matawi vinapoanza, kisha maua na salfa, kisha kuokota, kisha minada. Wa ufuta anaanza kuvuna wakati huohuo wa Mei. Anza kuandika wakati ambapo kila siku ina jambo la kuandikwa. Tabia inajengwa kwa kurudia, na huwezi kurudia kitu kinachotokea mara moja kwa wiki.

Kuhusu muda, wapo wanaosema siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Usizitegemee. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu waliokuwa wakijizoeza tabia moja kila siku. Wastani wa kufikia hatua ya kuifanya bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo anayetaka daftari limkute imara minada ikianza Oktoba asisubiri Oktoba. Mwisho wa Julai awe ameanza, tena na mstari mmojammoja.

Dalili: jioni unakumbuka nusu

Mistari ya mwanzo wa wiki ina kiasi kamili, ya mwisho wa wiki ina "kama miti mia hivi". Hapa tatizo ni umbali kati ya jambo na kalamu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: usahaulifu mkubwa hutokea katika saa za mwanzo kabisa, baadaye kasi hupungua. Namba ya kilo uliyoisikia kwenye mizani saa tatu asubuhi haina maana inayoishikilia kichwani, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kupotea.

Daftari kubwa lisiende shambani. Beba karatasi moja iliyokunjwa mara nne pamoja na kipande cha penseli mfukoni, au kwenye pindo la kanga. Kwenye karatasi hiyo huandiki sentensi, unapiga alama tu: vijiti vinne na cha tano kikikata juu yake, kila kijiti mti mmoja uliopulizwa au ndoo moja iliyojaa. Anayepuliza salfa asiandike mwenyewe. Mikono ina unga, macho yanawasha, na mota haisubiri. Alama apige anayejaza dawa.

Mwenye kitochi anaweza kuandika ujumbe mfupi na kuuhifadhi bila kuutuma, au kujitumia mwenyewe. Sauti ya kurekodi nayo inafaa, ila irudishwe kwenye daftari siku hiyohiyo. Rekodi ya dakika mbili kuitafuta baada ya mwezi ni kazi kuliko kuandika.

Kisha weka kikao cha kuhamisha. "Nitaandika kila jioni" ni kauli isiyo na mlango, maana jioni ni ndefu. Ifunge na kitu ambacho tayari unakifanya bila kukumbushwa: ukishaswali isha, kabla hujaondoka kwenye mkeka, ukishashusha shata la duka, kabla hujatoa ufunguo, ukishapakua chakula, kinapopoa. Daftari na kalamu vikae hapohapo panapofanyika kitendo hicho, siyo chumbani juu ya kabati. Ikibidi kuinuka kulifuata, siku ya uchovu hutainuka.

Angalia Ramadhani. Ratiba yote ya nyumba inahama, na tabia iliyofungwa na chakula cha usiku inapoteza kamba yake. Wengi daftari hukatikia hapo na hawajui kwa nini. Kabla mwezi haujaandama, amua kamba mpya: baada ya futari na kabla ya tarawehe panafaa. Idi ikipita, rudi kwenye ya zamani.

Dalili: umeandika, lakini husomi ulichoandika

Siyo suala la mwandiko. Mwandiko mbaya wa mwenyewe, mwenyewe huusoma. Kinachoshinda ni mstari kama huu: "S 2, K 3, kwa Mzee." Siku ulipouandika ulikuwa wazi kama mchana. Oktoba unajiuliza: S ni salfa au sabuni? Mbili nini, mifuko au lita? Mzee yupi?

Vipimo ndivyo vinavyoua maana mara nyingi zaidi. Gunia si kipimo, ni chombo: gunia la korosho la mtu huyu silo la mtu yule. Debe, kiroba, ndoo, vyote ni hivyohivyo. Andika kilo kama mizani ilikuwepo. Kama haikuwepo, andika chombo na ukubwa wake, "ndoo ya lita 20, imejaa". Salfa iandikwe kwa uzito wa mfuko, na ionyeshwe kama ni ya ruzuku au ya kununua, kwa sababu hesabu ya gharama itaitaka tofauti hiyo.

Ukiwa na vipimo kamili, daftari linaanza kujisahihisha. Kiwango kilichozoeleka cha salfa ya unga kwa mkorosho mkubwa ni gramu 250 kwa mpulizo mmoja. Mfuko wa kilo 25 basi ni miti 100. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 lina miti 28 hivi kwa ekari, kwa hiyo mfuko mmoja ni ekari tatu na nusu kwa mpulizo mmoja. Sasa ukikuta umeandika mfuko 1 kwa miti 240, kuna mambo matatu tu: miti ilihesabiwa vibaya, dawa ilipulizwa kidogo mno, au mfuko haukuwa na kilo 25. Yote matatu ni bora uyajue wiki hiyo kuliko Septemba, ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, ukishapaka maua unga.

Saa nazo zina mtego wake kwa Waswahili. Simu inaandika 14:00, mkononi unaandika saa 8, na kwenye ujumbe wa benki kuna namba nyingine tena. Chagua moja ukae nayo, na ukichagua saa za Kiswahili uongeze asubuhi, mchana au usiku. Tarehe andika mwezi kwa jina: 3/4 mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi, "3 Aprili" haina ubishi. Mvuvi aongeze hali ya maji, bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), kwa sababu akilinganisha mavuno ya pweza kwa tarehe za kalenda peke yake atapata vurugu. Bamvua inafuata mwezi wa angani, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tarehe zake zinahama kila mwezi. Upepo nao, kusi au kaskazi, ni neno moja tu la kuongeza.

Vifupisho vinaruhusiwa, mradi viwe na orodha ndani ya jalada la mbele: SF salfa, PL palizi, KB kibarua. Visizidi kumi. Watu wawili wenye jina moja wapewe utambulisho wa pili wa kudumu: Mama Asha wa sokoni na Mama Asha wa Shangani wasiandikwe "Mama Asha".

Dalili: karatasi imeharibika

Hili ni jepesi, lakini pwani yetu haina huruma. Hewa ina unyevu na chumvi, na kalamu za wino wa maji zinasambaa karatasi ikipata jasho au matone. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito wa mafuta, ile ya bei ndogo inayouzwa kila duka. Haichuruziki kirahisi. Penseli ni bora zaidi shambani na baharini, kwani maji hayaiondoi. Ubaya wake ni kufutika, kwa hiyo deni lisiandikwe kwa penseli.

Mchwa hupenda daftari lililolala sakafuni au kugusa ukuta wa udongo. Liweke kwenye bati la biskuti au ndoo yenye mfuniko, au litundike. Risiti zinazotoka kwenye mashine za EFD (mashine za risiti za kodi) zimechapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na joto na jua huziharibu: ikikaa juani au karibu na jiko, baada ya miezi haisomeki tena. Nakili tarehe, namba na kiasi siku uliyoipata.

Dalili: linajaa, lakini halijakusaidia hata siku moja

Hii ndiyo inayoua madaftari mengi kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana, kwa sababu mwenye daftari huwa na nidhamu. Anaandika kila siku. Mwaka unapita, halafu msimu mmoja anaacha ghafla, na ukimuuliza atasema amechoka. Hakuchoka kuandika. Alikuwa anaandika barua zisizo na mpokeaji.

Jaribu hivi: taja mara ya mwisho ulipofungua daftari ili usome, ukapata jambo lililobadilisha ulichofanya siku hiyo. Kama hukumbuki, kuongeza bidii ya kuandika hakutakusaidia. Tatizo liko upande wa kusoma.

Tiba inaanzia ndani ya jalada. Andika maswali matatu ambayo daftari linadaiwa kuyajibu, na kila swali lipewe tarehe ya kujibiwa. Kwa mwenye shamba la korosho yanaweza kuwa haya:

Mpulizo wa kwanza ulichelewa siku ngapi tangu maua yalipochomoza? (Kujibiwa 1 Agosti.)
Kipande kipi kimetoa kilo chache kwa kila mti? (Kujibiwa mwisho wa Januari.)
Kilo nilizopeleka chama cha msingi cha ushirika na pesa iliyoingia benki vinalingana? (Kila baada ya mnada.)

Mwenye genge atakuwa na yake: bidhaa gani inaoza kabla ya kuisha, nani analipa deni ndani ya wiki, ni siku zipi za mwezi mauzo yanashuka. Maswali yawe matatu. Ukiweka kumi, umerudi kwenye ule ukurasa wa safu nane. Jambo lisilohusu swali lolote kati ya hayo usiliandike msimu huu. Watu wanaogopa kuacha kitu, lakini daftari linaloandika kila kitu halisomeki, na lisilosomeka halina umri.

Kisha fanya daftari liulize lenyewe. Ukishaandika mpulizo wa kwanza tarehe 12 Juni, fungua mbele ukurasa mmoja, andika sasa hivi: "26 Juni, mpulizo wa 2?" Salfa ya unga kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 14, kwa hiyo zitafuata 10 Julai na 24 Julai. (Dawa za maji zina nafasi ndefu zaidi, mara nyingi siku 21. Fuata maelezo ya kifungashio na ya afisa ugani.) Alama ya kuulizia inafanya kazi kubwa: ukifika tarehe hiyo unaikuta inakusubiri, unaijibu kwa neno moja, "tayari" au "bado, mafuta ya mota". Katibu wa kikoba afanye vivyo hivyo kwa marejesho ya mkopo: siku mkopo unapotoka, tarehe zote za kurejesha ziandikwe mbele.

Mauzo ya korosho ndiyo mfano mzuri kabisa wa mahali kumbukumbu inapolipa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho mwaka 2007, kupeleka mzigo, kuuza na kulipwa ni matukio matatu ya siku tofauti. Mzigo unapimwa chama cha msingi, unaenda ghala kuu, unanadiwa, pesa inaingia akaunti baadaye ikiwa imeshakatwa makato. Kati ya mizani na ujumbe wa benki zinaweza kupita wiki, na huku nyuma umeshapeleka mizigo mingine miwili. Hakuna kichwa kinachobeba hayo. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, turuhusu safu: tarehe ya kupima, kilo, daraja, namba ya stakabadhi, mnada wa ngapi, bei, makato, tarehe pesa ilipoingia, kiasi. Safu nne za mwanzo zinajazwa siku ya mizani, zilizobaki zinabaki wazi makusudi. Kisanduku kitupu hapa kina maana nyingine kabisa na kile cha mwanzo. Ni swali ambalo hujajibiwa bado, na unajua wa kumuuliza. Mtu anayekwenda ofisi ya chama akiwa na namba ya stakabadhi na kilo zake anasikilizwa tofauti na anayesema "nilileta kama gunia tano hivi, mwezi ule".

Kusoma nako kuwe na siku. Dakika kumi kwa wiki zinatosha, Ijumaa mchana au Jumapili. Soma wiki nzima, piga mstari chini ya jambo lolote la ajabu, jumlisha pesa chini ya ukurasa, jibu alama za kuulizia zilizopita. Usisahihishe mwandiko wala kunakili upya. Kunakili upya kunafanana na kazi lakini si kazi.

Wakoloni waliwahi kutuachia mfano wa upande wa pili. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulipangwa kwa safari fupi ya ukaguzi, bila kumbukumbu za kutosha za mvua na udongo wa maeneo husika. Mwaka 1951 ukaachwa. Mkulima wa leo anaweza kuwa na kumbukumbu bora kuliko zile kwa kopo moja lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa wazi mbali na miti na paa, na rula ya mwanafunzi. Kila asubuhi ya mvua pima kina cha maji kwa milimita, andika, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Misimu mitatu ya namba hizo itakuambia mambo kuhusu tarehe zako za kupanda ambayo hakuna mgeni anayeweza kukuambia.

Dalili: kumbukumbu ziko kila mahali

Nusu iko WhatsApp, nusu kwenye picha za simu, deni moja limeandikwa nyuma ya kalenda ya ukutani. Kuwa na njia nyingi za kuandika si tatizo. Tatizo ni kukosa nyumba moja ambako vyote vinalala. Chagua nyumba, na iwe daftari kama simu yako inashirikiwa na watoto au betri yake inakata. Iwe simu kama unasafiri sana. Vingine vyote ni njia ya kupita tu, na kila Ijumaa ya kusoma vinahamia nyumbani.

Ujumbe wa malipo ya simu usiutegemee kama kumbukumbu. Simu ikipotea au ikijaa, unafutika. Nakili namba ya muamala, kiasi na jina. Upande wa pili, daftari nalo linaungua na linaloa, kwa hiyo mara moja kwa mwezi piga picha kurasa zote za mwezi huo mchana, karibu na dirisha, na uzitume kwa ndugu unayemwamini. Picha ziwe na tarehe inayosomeka juu ya ukurasa.

Mkono au simu, kipi bora? Kwa kumbukumbu za kazi, kile kilicho karibu. Utafiti maarufu wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa 2014 uliowapa ushindi walioandika kwa mkono ulihusu wanafunzi kwenye mihadhara, na majaribio ya baadaye ya kuurudia hayakupata tofauti kubwa namna ile. Hauhusu mizani ya ufuta.

Dalili: watu wanakuharibia

Mtoto anachana karatasi, na karatasi ya kaunta buku inafungia karanga vizuri sana. Andika namba za kurasa zote siku ya kwanza. Hilo halitazuia kuchanwa, lakini utajua kilichopotea. Anza maandishi ya maana ukurasa wa tatu, na daftari la zamani lililojaa hesabu za shule liachwe wazi mezani kwa ajili ya karanga.

Ugumu zaidi uko kwa mteja wa mkopo. Ukifungua daftari mbele yake anaona umemshuku: "Yaani mimi unaniandika?" Basi wengi huandika akishaondoka, na siku ya kudai kunakuwa na namba mbili. Andika wakati yupo, kwa sauti ya kawaida ileile unayomtajia hesabu: "Shikamoo mama, sukari kilo mbili na mafuta nusu lita, nimeweka hapa mstari wako, hebu tazama kama ni sawa." Akitazama mara moja, limeisha. Akitaka kuweka sahihi au alama yake, mpe kalamu. Ufanye hivyo kwa wote, kuanzia jirani hadi shemeji. Ukimruka mmoja kwa heshima, aliyeandikwa atajua kuwa yeye hakuheshimiwa. Na kila mtu apewe ukurasa wake, ili akisoma deni lake asisome la mwenzake.

Kwa mwanafunzi

Dalili yako kwa kawaida ni moja: madaftari yamejaa, mtihani unashinda. Umenakili ubao. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima sentimita 6 hivi kutoka kushoto, na mstari wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Ni mpangilio uliotoka chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kwa mwalimu Walter Pauk. Upande mpana andika wakati wa kipindi. Usiku huohuo, upande mwembamba andika maswali ambayo maandishi yale yanayajibu, na chini andika sentensi mbili za maana ya ukurasa. Siku mbili baadaye funika upande mpana kwa kiganja au karatasi ujiulize maswali. Ukiruka hatua hiyo ya kufunika, mistari yote uliyochora ni mapambo.

Dalili: uliendelea vizuri, kisha kukawa na pengo

Msiba, malaria, safari ya Dar es Salaam. Umerudi, siku kumi na tano hazijaandikwa, na wazo la kuzijaza linakufanya usifungue kabisa. Usizijaze. Piga mstari wa kukata ukurasa mzima, andika "4 hadi 18 Agosti, hakuna kumbukumbu", kisha andika la leo chini yake. Ukiwa na stakabadhi au ujumbe wa pesa za siku hizo, viingize kwa tarehe zake, basi. Mambo ya kukisia usiyaingize, kwa sababu baada ya mwezi hutatofautisha makisio na vipimo, na kurasa nzima zitapoteza uaminifu. Katika utafiti ule wa 2010, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kuhesabika. Wiki mbili ni zaidi, lakini kamba ya zamani, ile ya isha au ya shata la duka, kwa kawaida bado ipo. Siku tatu za kwanza andika mstari mmoja tu hata kama una kumi.

Pengo likijirudia kila mwaka miezi ileile, halitokani na wewe. Ni msimu. Panga kabisa kwamba Februari na Machi, kwa mfano, utaandika mara moja kwa wiki, na uiandike kanuni hiyo ndani ya jalada.

Daftari limejaa

Usianze jipya kwa kurukia. Kaa nusu saa. Hamisha vitu vinne tu: madeni ambayo hayajalipwa, alama za kuulizia zilizo mbele, orodha ya vifupisho, na maswali matatu. Swali lililojibiwa badilisha, ambalo hukuligusa msimu mzima liondoe. Kwenye mgongo wa daftari la zamani andika kwa kalamu nene tarehe ya kwanza na ya mwisho, na ukurasa wa nyuma orodhesha kurasa za mambo makubwa: mauzo uk. 31, mvua uk. 8, mkopo wa kikoba uk. 44. Kisha liingie kwenye bati pamoja na mengine, jipya zaidi likiwa juu.

Madaftari ya hesabu za mauzo na mikopo yatunze miaka mitano kwa uchache. Ya mvua na ya mavuno ya kila kipande usiyatupe.